Maswali ya Wasomaji: Saratani Inaposambaa, Jeni Zina Mkono Gani?

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: kwa nini saratani ya mtu mmoja hubaki pale ilipoanzia, na ya mwingine huibuka kwenye ini, mifupa au ubongo? Tumechagua sita. Majibu ni ya jopo letu la madaktari wa saratani na wataalamu wa maabara.

SWALI: Mama yetu alikatwa titi kwa sababu ya saratani na akamaliza dawa zote. Sasa, miaka minane baadaye, mgongo unamuuma na picha zinaonyesha saratani kwenye pingili mbili za uti wa mgongo. Daktari anaendelea kuiita "saratani ya titi". Titi lenyewe halipo. Isije ikawa amepata saratani nyingine, ya mifupa? — Mtoto wa mgonjwa

JIBU: Poleni sana kwa kuuguza. Daktari yuko sahihi. Saratani huitwa kwa jina la mahali ilipozaliwa, si mahali ilipohamia. Seli zilizo kwenye pingili za mama zina asili ya titi: zimebeba sehemu kubwa ya mabadiliko ya DNA yaliyokuwa kwenye uvimbe wa kwanza, na juu yake zimeongeza mengine. Kwa hiyo dawa zitakazomfaa ni za saratani ya titi.

Seli hizo ziliondoka kabla titi halijakatwa, zikajificha kwenye uboho na kukaa bila kugawanyika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, wa wanawake 62,923 wenye saratani ya titi yenye vipokezi vya estrojeni (protini za seli zinazopokea homoni hiyo) waliotumia dawa za homoni kwa miaka 5, ulionyesha kwamba saratani iliendelea kurudi sehemu za mbali hadi mwaka wa 20. Hatari hiyo ilikuwa kati ya asilimia 10 na 41, kutegemea ukubwa wa uvimbe wa awali, idadi ya tezi za limfu zilizoathirika na ukali wa seli. Miaka minane si ajabu, wala haina maana kwamba kuna mtu alizembea.

Ulizeni kama kinyama kimechukuliwa, au kinaweza kuchukuliwa, kutoka kwenye pingili. Kipokezi cha estrojeni huweza kupotea, na hali ya HER2, protini inayochochea seli kukua, hubadilika kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Tena kuna jeni ya ESR1, inayotengeneza kipokezi cha estrojeni: mabadiliko yake ni nadra kwenye uvimbe wa mwanzo lakini ni ya kawaida kwa waliotumia kwa muda mrefu dawa zinazozuia estrojeni kutengenezwa. Yakiwepo, uchaguzi wa dawa unabadilika. Majibu ya maabara ya miaka minane iliyopita yasiwe ndiyo pekee yanayoamua dawa ya leo.

Na hili lisisubiri kliniki ijayo: miguu ikiishiwa nguvu, ganzi ikiingia kwenye mapaja au sehemu za siri, au mkojo ukigoma kutoka, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Huenda uvimbe unabana neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo, na mgonjwa akichelewa anaweza asitembee tena.

SWALI: Shikamoo, daktari. Darasani tumefundishwa KRAS, TP53 na APC kama jeni zinazoanzisha saratani. Je, jeni inayoisambaza ni ipi? Kila kitabu kinaorodhesha zake. — Mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili

JIBU: Marahaba. Orodha zinatofautiana kwa sababu jeni moja ya kusambaa haipo, ingawa imetafutwa kwa bidii. DNA ya uvimbe wa mwanzo ikilinganishwa herufi kwa herufi na ya uvimbe uliohamia kwenye ini au mapafu, mabadiliko makuu huonekana pande zote mbili. Bert Vogelstein na wenzake walipopitia ushahidi uliokuwapo mwaka 2013, hawakuona hata jeni moja ambayo kuharibika kwake kunahusika na kusambaa peke yake.

Kinachotofautiana zaidi ni jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimenyamazishwa. Hapo ndipo uisomee mada hii, na njia rahisi ni kuifuata seli safarini.

Kwanza inabidi ijitoe kwa wenzake. Seli za tabaka, kama za titi au utumbo, zimeshikamana kwa protini iitwayo E-kadherini, inayotokana na jeni ya CDH1 kwenye kromosomu ya 16. Katika saratani ya titi ya aina ya lobula (vifuko vinavyotengeneza maziwa), na ile ya tumbo inayotawanyika ukutani, CDH1 yenyewe mara nyingi imeharibika. Katika saratani nyingine nyingi jeni hiyo ni nzima kabisa, ila haisomwi: ama imebandikwa vikundi vya methili (vibandiko vidogo vya kemikali vinavyoizima), au protini za TWIST1, SNAI1 na ZEB1 zimeikalia. Protini hizo hazikuletwa na saratani. Ni za kazi halali tumboni mwa mama, pale seli za kiinitete zinapolazimika kuhama ili kujenga viungo. Saratani inazifufua mahali pasipo pake.

Wanafunzi wengi hukosea hapa. Hali ya kuhama hurudi nyuma. Seli iliyobaki katika umbo la msafiri hukua kwa shida, kwa hiyo ikifika ugenini mara nyingi huwasha tena E-kadherini ili igawanyike. Ukikuta E-kadherini nyingi kwenye uvimbe uliohamia ini, usikimbilie kusema maabara imekosea.

Kisha kuna damu, ambako seli nyingi hufia. Mwaka 1970 Isaiah Fidler alidunga panya seli za melanoma (saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya mwili) zilizotiwa alama ya mionzi. Baada ya saa 24, chini ya 1 kati ya 1,000 ndizo zilizokuwa hai. Nyingine hupasuliwa na msukumo wa damu, nyingine huuliwa na seli za kinga. Zinazosafiri kwa makundi hupona zaidi: utafiti wa mwaka 2014 kwa panya ulikuta kundi lina uwezo mara 23 hadi 50 zaidi ya seli moja moja wa kuanzisha uvimbe mpya, na protini ya plakoglobini ndiyo iliyokuwa ikilishikanisha kundi. Kwa hiyo kuachana kabisa na wenzake si lazima. Vitabu vingi husahau hili.

Upande wa breki, mwaka 1988 Patricia Steeg na wenzake walieleza NM23, jeni ya kwanza kutambuliwa kuwa inazuia kusambaa. KISS1 ikafuata mwaka 1996. Usizichanganye na TP53, ambayo ikiwa nzima huzuia saratani isianze. Ukirudisha NM23 ndani ya seli za saratani, uvimbe wa mwanzo unaendelea kukua kama kawaida. Kinachopungua ni vimbe za mbali. Tena NM23 huwa haijavunjika, imepunguzwa tu sauti, ndiyo maana ukiisoma DNA peke yake unaipita bila kuiona.

Iwapo mtihani utakutaka utaje mahali ambapo jeni moja inatabiri kusambaa kwa nguvu, taja melanoma ya ndani ya jicho. Mwaka 2010 mabadiliko ya jeni ya BAP1 yalipatikana kwenye vimbe 26 kati ya 31 za kundi lenye tabia ya kusambaa. Ni mfano mzuri, ila ni wa pekee.

Kuhusu muda: uchunguzi wa saratani ya kongosho wa mwaka 2010, uliopanga ukoo wa seli kwa kufuata mabadiliko ya DNA, ulikadiria angalau miaka 10 tangu badiliko la kwanza hadi seli mama ya uvimbe kuzaliwa, angalau mingine 5 hadi uwezo wa kusambaa upatikane, na wastani wa miaka 2 tu baada ya hapo mgonjwa kufariki.

SWALI: Kwa nini saratani ya titi na ya tezi dume hupenda mifupa, na ya utumbo mpana ikapenda ini? — Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kwa utumbo mpana, jibu kubwa ni bomba. Damu ya utumbo humwagika kwenye ini kupitia mshipa wa lango, basi ini ndilo chujio la kwanza. Kwa mifupa bomba halitoshi kueleza. Daktari wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia mwaka 1889 kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akaona vimbe haziangukii ovyo ovyo. Akasema seli ni mbegu, na kiungo ni udongo ambao lazima uikubali.

Leo tunajua baadhi ya vitu vilivyomo kwenye udongo huo. Mifupa, mapafu, ini na tezi za limfu hutoa kemikali ya CXCL12; seli za saratani ya titi huwa na kipokezi chake, CXCR4, kwa wingi, na hili lilionyeshwa mwaka 2001. Miaka miwili baadaye kundi la Joan Massagué lilichukua seli za titi za ukoo mmoja, likachagua zile zilizopenda mifupa ya panya, na kukuta zimepandisha jeni chache kwa pamoja: CXCR4, IL11, CTGF, osteopontini na MMP1. Kupandisha moja tu hakukutosha. Zilihitajika kadhaa zishirikiane.

Mfupani zinaanzisha mzunguko. Seli ya saratani hutoa protini inayofanana na homoni ya paratiroidi. Seli zinazojenga mfupa hujibu kwa kutoa protini ya RANKL. RANKL huamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa ukiliwa huachia TGF-beta, protini inayoathiri ukuaji wa seli, iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake, nayo huinenepesha saratani. Dawa ya denosumab, miligramu 120 chini ya ngozi kila wiki 4, hukamata RANKL. Hupunguza kuvunjika kwa mifupa. Haiui saratani, na anayeambiwa vinginevyo anadanganywa. Kabla ya sindano ya kwanza mgonjwa aonwe na daktari wa meno na jino bovu ling'olewe mapema, kwa kuwa kung'oa wakati dawa inaendelea kunaweza kuufanya mfupa wa taya ufe. Kalsiamu ya damu ipimwe pia, kwani inaweza kushuka vibaya.

SWALI: Baba alifariki kwa saratani ya tezi dume iliyofika mifupani. Sisi ni wanaume watatu. Je, "jeni ya kusambaa" tumeirithi? — Kaka mkubwa

JIBU: Pole, kaka. Uvimbe wa baba ulijifunza kusambaa ndani ya mwili wake, na mabadiliko hayo yalikwenda naye. Mnachoweza kurithi ni kasoro inayoiongezea saratani nafasi ya kuzaliwa na ya kuwa kali.

Si jambo la kupuuza. Utafiti wa mwaka 2016 ulipima wanaume 692 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa, bila kuwachagua kwa historia ya familia. Asilimia 11.8 walikuwa wamezaliwa na kasoro kwenye jeni za kukarabati DNA, na BRCA2 iliongoza. Seli isiyoweza kukarabati DNA hukusanya makosa haraka, na kati ya makosa hayo huchipuka tabia mpya.

Utaratibu ni huu. Anayetakiwa kupimwa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Akiwa ameshafariki, ulizeni hospitali kama kinyama chake kilichogandishwa kwenye nta bado kimehifadhiwa. Lakini angalieni: kasoro ikionekana kwenye kinyama cha uvimbe peke yake, haijulikani kama alizaliwa nayo au ilitokea uvimbeni, hivyo lazima ithibitishwe kwa damu au mate ya ndugu aliye hai. Kama baba alikuwa nayo, kila mmoja wenu ana nafasi ya 1 kati ya 2, na dada zenu vilevile. Kwao hatari ni ya titi na ovari, na ndio husahaulika mara nyingi kwa kuwa ugonjwa wa baba ulikuwa "wa wanaume". Mwenye BRCA2 kwa kawaida hushauriwa kuanza kipimo cha damu cha PSA (protini ya tezi dume) akiwa na miaka 40. Asiyeikuta, ilhali imethibitishwa kwamba baba alikuwa nayo, anarudi kwenye hatari ya watu wengine.

Familia chache hurithi kasoro ya CDH1 yenyewe. Ilitambuliwa mwaka 1998 katika ukoo wa Wamaori wa New Zealand waliokuwa wakifa kwa saratani ya tumbo wakiwa vijana. Hata kwao kinachorithiwa ni hatari ya saratani kuanza.

SWALI: Nafanya kazi maabara ya patholojia. Vinyama vya mfupa tunavyopeleka kupimwa jeni vinarudi na jibu "DNA haitoshi" au "imeharibika". Vya ini na tezi za limfu havina shida. Tunakosea wapi? — Fundi maabara

JIBU: Karibu hakika ni asidi mnayolainishia mfupa. Asidi ya haidrokloriki au ya nitriki huondoa kalsiamu kwa saa chache, lakini hiyohiyo hukatakata DNA. Kwenye darubini slaidi inapendeza, mashine ya kusoma jeni haipati kitu. Asidi ya fomiki ni afadhali kidogo, lakini nayo huharibu.

Kabla hamjalainisha chochote, tandazeni kinyama na mtenge vipande laini na damu iliyoganda. Mara nyingi seli za saratani zimo humo, na havihitaji kulainishwa kabisa. Vifungeni kwenye nta peke yake, muandike wazi "havijalainishwa". Daktari akichukua sindano mbili, moja iwe ya umbo la seli, ya pili ya jeni.

Sehemu ngumu lainisheni kwa EDTA, kemikali inayovuta kalsiamu taratibu, ya asilimia 10 hadi 14, pH karibu na 7.2, mkibadilisha maji yake kila siku. Ni ya polepole: kipande chembamba cha sindano kinaweza kuchukua siku moja au zaidi, kikubwa huenda wiki. Malalamiko kwamba majibu yanachelewa mtayasikia. Yavumilieni, kwa sababu kumrudisha mgonjwa achomwe tena mfupani ni ucheleweshaji mkubwa zaidi, tena wa maumivu.

Kabla ya hapo, angalieni formalini, maji ya kuhifadhia kinyama. Iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa pH. Isiyosawazishwa hugeuka asidi yenyewe ikikaa, na mnarudi kwenye tatizo lilelile. Ujazo uwe mara 10 ya kinyama, kiingie ndani ya saa 1 tangu kitolewe, kikae saa 6 hadi 72. Kinyama kilichochukuliwa Ijumaa na kushughulikiwa Jumanne kimeshapita kiasi. Formalini iliyozidi huzaa pia mabadiliko ya uongo, herufi C ya DNA ikisomeka T, kwa uwiano mdogo mdogo uliotawanyika kila mahali. Mkiona mtawanyiko wa namna hiyo, shukuni kinyama kabla ya kumshuku mgonjwa.

La mwisho ni idadi ya seli za saratani. Maabara nyingi zinataka angalau asilimia 20 ya viini kwenye eneo linalokwanguliwa. Hesabu yake ni rahisi: seli zikiwa asilimia 20, badiliko lililo kwenye nakala moja kati ya mbili litaonekana kwenye takriban asilimia 10 ya DNA yote. Seli zikiwa asilimia 5, mnatafuta asilimia 2.5, na kwa vipimo vingi hapo ishara na kelele havitofautiani. Mtaalamu wa patholojia azungushie eneo lenye saratani kwa kalamu kwenye slaidi iliyotiwa rangi, nanyi mkwangue eneo hilo tu kwenye slaidi zisizo na rangi. Tieni rangi kipande cha kwanza na cha mwisho cha mkato, kwa maana uvimbe mdogo unaweza kuisha katikati bila ninyi kujua.

Na DNA isipotosha, ripoti iandike "haikutosha". Neno "hakuna badiliko" lina maana nyingine kabisa, na mgonjwa anaweza kunyimwa dawa kwalo.

SWALI: Jirani zangu wanasema saratani ikiguswa na sindano au kisu ndipo inasambaa. Daktari anataka kunitoa kinyama kwenye titi, na pia ametaja kipimo cha damu. Si bora nipimwe damu tu? — Dada mwenye hofu

JIBU: Dada, kubali kinyama. Seli kuachwa kwenye njia ya sindano hutokea, ila ni nadra, na kama ulivyosoma hapo juu, seli kuhama si kitu kimoja na seli kuweza kuishi ugenini. Ini ndilo linalojulikana zaidi: katika saratani iliyoanzia kwenye ini, uchambuzi wa tafiti ulikuta imetokea kwa takriban asilimia 2.7 ya waliochomwa sindano. Kuna sehemu ambazo madaktari huepuka sindano kwa makusudi, kama korodani, na jicho la mtoto linaloshukiwa kuwa na retinoblastoma. Titi halimo. Wanaosema "aliguswa akafa" mara nyingi wanaelezea watu waliofika hospitali saratani ikiwa imeshasambaa.

Kipimo cha damu kinatafuta vipande vya DNA vilivyomwagwa na seli za saratani. Kina faida kwa ugonjwa uliosambaa: hukusanya taarifa kutoka vimbe kadhaa kwa mara moja, na hugundua mapema dawa inapoanza kushindwa. Kwa uvimbe mdogo ulio kwenye titi tu, DNA hiyo inaweza kuwa kidogo mno isionekane, na jibu tupu halimaanishi huna saratani. Wala hakikuonyeshi umbo la seli, ambalo daktari analihitaji kwanza.

Siku utakapokihitaji, angalia mambo mawili. Damu ikiwekwa kwenye chupa ya kawaida ya EDTA (hapa huzuia damu kuganda) inatakiwa kutenganishwa ndani ya saa chache, la sivyo chembe nyeupe hupasuka na DNA yake kuizamisha ile ya saratani. Ikibidi kusafirishwa mbali, iombewe chupa maalumu inayozuia chembe kupasuka, na isiwekwe kwenye barafu. Pia waulize kama chembe nyeupe zako zitasomwa sambamba. Umri unavyosonga, seli za uboho, zinazozaa chembe nyeupe, hujikusanyia mabadiliko kwenye jeni kama DNMT3A na TET2, na kipimo kisicholinganisha DNA iliyo kwenye damu na ile ya chembe nyeupe kinaweza kuyasingizia saratani yako.